Nane Kamili

Kwetu Kilosa mtu akikukuta unatoka shambani, au umeinama unafagia uwanja, hakupiti bila kukwambia "Pole na kazi." Unajibu "Asante," au ukiwa mchangamfu, "Nishapoa," kila mmoja anashika njia yake. Katika mwaka wa pili wa ugonjwa wangu niligundua kwamba hakuna aliyeniambia neno hilo kwa miezi mingi. Watu walinisalimu vizuri tu, waliniuliza habari za nyumbani, lakini hiyo waliiruka. Sikuwalaumu. Muda mwingi nilikuwa nimelala, na aliyelala hapewi pole ya kazi.

Nilikuwa nafundisha darasa la tatu katika shule moja ya Mikumi, karibu na barabara kuu, mahali ambapo malori hupita mchana kutwa na nyani huingia madarasani wakati wa mapumziko kutafuta viazi vya watoto. Niliugua homa. Kipimo kilisema sina malaria, nikameza dawa ya malaria hata hivyo, kama tunavyofanya wengi. Baada ya wiki homa ikaisha. Uchovu ukabaki, nikadhani ni masalia ya homa, utaondoka wenyewe.

Haukuondoka. Shida ya kwanza ilikuwa neno lenyewe. Kuchoka ni neno la kila mtu, na kila mtu hulitumia jioni. Nikimwambia mwalimu mwenzangu kwamba nimechoka, ananijibu, "Nani hajachoka?" na anasema kweli, kwa sababu ana vipindi sita na watoto themanini. Mimi nilikuwa naamka nimechoka. Nikioga, nilihitaji kukaa kitandani nusu saa kabla ya kuvaa. Nikifundisha siku nzima kwa kujikaza, siku hiyo ilipita salama, halafu kesho yake na keshokutwa mwili ulikuwa mzito hadi kope, kichwa kikiwa na ukungu, maneno yakinipotea. Nilitia chumvi kwenye chai. Nilisahau jina la mtoto niliyemjua tangu darasa la kwanza, nikamwita "wewe wa dirishani."

Nilipima malaria tena, typhoid, wingi wa damu, sukari, virusi, tezi ya shingo. Kila mara nilirudishiwa karatasi na sentensi ileile: "Vipimo viko safi, Mwalimu. Huna kitu." Ni sentensi ya kumfurahisha mgonjwa, nami nilikuwa natoka nayo mlangoni nikitamani kulia. Mwalimu mkuu, mtu mwema kwa jumla, alinikuta nafundisha nimekaa akaniambia nijikaze, watoto wanaiga. Mwishowe nilipewa ruhusa ya ugonjwa, ruhusa ambayo kwenye sehemu ya jina la ugonjwa iliandikwa mstari mfupi wa wino, bila neno.

Mama yangu alikuja Mikumi kuniuguza. Ana nyumba Magomeni, pale Kilosa mjini, lakini maisha yake yako Kisanga, kwenye shamba la mahindi alilolima tangu kabla sijazaliwa. Yeye humpima mtu kwa jembe. Majirani wote anawajua kwa namna hiyo: huyu anaamka, huyu haamki. Alipika, alifua, hakunung'unika hata siku moja. Lakini kila asubuhi, nikishamwamkia shikamoo naye akaitikia marahaba, alisimama mlangoni akauliza, "Utakunywa uji?"

Asiyetoka kwetu hawezi kuelewa jinsi swali hilo lilivyoniuma. Mgonjwa haulizwi uji. Mgonjwa anapikiwa, analetewa, akishindwa ananyweshwa. Anayeulizwa ni mtu mzima aliyechelewa kuamka. Mama hakuwahi kuniita mvivu, wala hakuhitaji kuniita.

Msimu wa mavuno nilikwenda naye Kisanga kwa ukaidi tu, nimwonyeshe. Nilipukuchua mahindi tangu asubuhi hadi adhuhuri, mikono yangu ikienda sawa na ya kwake, tukapiga soga tukacheka. Alifurahi sana siku ile. Kesho yake sikuweza kunyanyua kikombe, na hivyohivyo siku tatu, nimegeukia ukutani nikimsikia nje akipepeta peke yake. Hakusema kitu, nami nilijua anafikiri nini. Au nilidhani najua.

Baada ya hapo ndipo nilipompata daktari. Alikuwa daktari bingwa aliyefika Mikumi mara moja kwa mwezi, kwenye kliniki ndogo ambako chumba chake kilikuwa na meza, kiti cha plastiki na kalenda ya kampuni ya mbegu. Alinisikiliza bila kutazama simu. Aliniambia kwamba anachokiona kinafanana na ugonjwa wa uchovu sugu, lakini kabla ya kusema hivyo kwa uhakika, anataka kuondoa shaka moja. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Tezi hizo hutengeneza homoni inayoitwa kortisoli, na zikilegea mtu huchoka, hukonda, hushindwa kuamka. Angependa nipimwe. Aliandika fomu, akapigia mstari chini ya neno moja na tarakimu, akanipa. "Muda ni muhimu sana, nimeandika hapo," alisema, na mgonjwa mwingine akaingia.

Nilisoma fomu nyumbani: kortisoli, 8:00. Kwenye ratiba ya shule yetu, iliyobandikwa ukutani na ambayo niliitazama kila siku kwa miaka kumi na mitatu, 8:00 ni kengele ya mwisho, watoto wanaimba na kutawanyika. Nikamwambia mama saa nane. Nilifurahi pia, kwa sababu saa nane mchana ndiyo saa yangu nzuri kidogo, na asubuhi sina uwezo nayo.

Hapa inanibidi niseme nilikuwa nafundisha nini. Kila mwaka, muhula wa pili, nilifundisha saa. Nilikuwa na saa kubwa ya boksi niliyoitengeneza mwenyewe, mishale yake ya mti, na mbinu niliyojivunia: ukitaka kuigeuza saa ya Kizungu iwe ya Kiswahili, tazama ng'ambo. Mshale mfupi uko kwenye nane? Ng'ambo yake kuna mbili. Eit oklok ni saa mbili. Watoto walikariri kwa sauti moja, na aliyekosea nilimsimamisha mbele mpaka apatie.

Mtaalamu wa maabara ya kliniki alikuwa mmoja wa waliowahi kusimama. Sasa ni baba mwenye mtoto, ana koti jeupe na miwani. Nilipofika saa nane kamili aliinuka kitini. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Alichukua fomu, akaisoma, akaitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi. "Daktari amesema saa nane, Mwalimu?"

"Kaandika hapo. Nane kamili. Na mimi nimefika nane kamili."

"Haya, Mwalimu."

Akanitoa damu kwa mkono mwepisi, akaandika jina langu kwenye kichupa, na chini yake akaandika 8:00 kama nilivyosema. Kichupa kikaingia kwenye boksi la barafu kikaenda Morogoro, kwenye maabara kubwa. Huko waliisoma 8:00 kwa macho yao, si kwa macho ya ratiba yetu.

Majibu yalirudi chini ya kiwango cha asubuhi. Daktari alinieleza kwa tahadhari. Alisema inaelekea tezi zangu zimelegea, lakini kuna kipimo cha pili cha kuthibitisha, kinachotumia sindano maalumu ambayo lazima iagizwe, kwa hiyo nisubiri na nisimeze dawa yoyote ya duka. Mimi baada ya neno "zimelegea" sikusikia vizuri yaliyobaki. Nilikuwa na furaha ambayo hata leo naionea aibu kidogo. Mtu mwenye akili timamu hafurahii tezi mbovu. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi pamoja na mama mmoja wa Kimaasai aliyemleta mtoto kuchanjwa, nikamwambia yeye wa kwanza, mtu ambaye sikumjua, "Nina ugonjwa." Akaniambia pole, nikamshukuru kwa moyo wote.

Nilikwenda Kilosa kusubiri kwa mama. Magomeni yote ilijua ndani ya siku mbili. Mama hakulishika jina la homoni, lakini tezi alizielewa vizuri sana, na alilisimulia jambo hilo dukani, bombani, kanisani: "Mwanangu tezi zake zimelala. Zile za juu ya figo. Ndiyo maana." Aliitamka ile "ndiyo maana" taratibu, na kila aliyesikia alitikisa kichwa. Shangazi alileta kuku. Mwalimu mkuu alipiga simu, akanitaka radhi kwa njia ya mzunguko, akiuliza kama ninahitaji kiti kizuri zaidi darasani.

Na uji ulikuja. Asubuhi ya kwanza mama aliingia na bakuli, uji wa ulezi wenye ndimu na sukari, akaliweka kwenye kigoda, akatoka. Hakuuliza. Nililitazama bakuli lile nikalia, halafu nikanywa wote nao ukiwa wa moto.

Wiki ya tatu daktari alipiga simu. Sindano imepatikana. "Jumanne ya wiki ijayo, Mwalimu, saa mbili asubuhi, kama mara ya kwanza."

Nilisema ndiyo, asante daktari. Nikakata simu. Kisha nikabaki na simu mkononi, nikiirudia ile "kama mara ya kwanza." Nilitoa nakala ya fomu kwenye mkoba: 8:00. Nikaona saa yangu ya boksi kichwani, mshale mfupi kwenye nane, na watoto themanini wakipiga kelele, ng'ambo, Mwalimu, ng'ambo. Miaka kumi na mitatu nawasimamisha watu mbele ya darasa kwa kosa hilohilo.

Sikujua bado kosa lile lina uzito gani. Nilimpigia muuguzi mmoja niliyesoma naye, nikamuuliza kijuujuu, kama mtu anayeuliza habari za mvua. Akaniambia kortisoli hupanda alfajiri ili mtu aamke, na kufikia mchana huwa imeshashuka sana hata kwa mtu mzima wa afya. Ukipima saa nane mchana ukasoma kwa kipimo cha asubuhi, kila mtu ataonekana mgonjwa. Alisema hivyo akicheka.

Kipimo cha pili kilikuwa mbele bado siku tisa. Kwa siku hizo tisa nilikunywa uji. Nilijua ninapaswa kumwambia mama, na kila asubuhi bakuli lilipoingia bila swali nilijiambia kesho. Niliomba pia, jambo nisilopenda kulisema, kwamba tezi ziwe mbovu kweli. Nilimwomba Mungu aniharibie viungo viwili vidogo ili mama yangu asinione mvivu. Sijui kama maombi ya namna hiyo yana mahali yanapopokelewa.

Jumatatu nilisafiri na mama, tukalala Mikumi kwenye chumba changu, na Jumanne saa mbili kasoro nilikuwa maabara nimeshikilia ukuta. Mtaalamu aliinuka. Kabla hajamaliza shikamoo nilimwambia kwamba siku ile nilikosea saa, na kwamba nadhani yeye alijua.

Aliivua miwani akaifuta. "Nilitaka kukuuliza, Mwalimu. Kipimo hiki hufanywa asubuhi."

"Uliniuliza. Kwa nini hukusisitiza?"

"Ungeniambia nimesahau saa." Alisema hivyo bila ubaya wowote, macho yake kwenye kichupa. "Ulinisimamisha mara tatu."

Nikamwambia anisamehe. Akasema hapana, Mwalimu, yeye ndiye mwenye kosa, hata kichupa alikiandika vibaya. Tulibishana hivyo kwa adabu, kila mmoja akilivuta kosa kwake, mpaka daktari akaingia, nami nikamweleza na yeye. Hakukasirika. Alisema jambo la saa anaanza kuliandika kwa maneno kuanzia leo, kisha akasema, "Basi leo tutajua." Nilitolewa damu, nikachomwa sindano ya kuziamsha tezi, nikatolewa tena baada ya nusu saa, na tena baada ya saa nzima. Mama alikaa nje kwenye benchi akichambua mchicha alionunua njiani.

Majibu yalikuja kwa simu siku ya sita, tukiwa tumerudi Magomeni. "Tezi zako ni nzima kabisa," daktari alisema. "Zimeitikia sindano vizuri sana." Akaniambia niyaandike atakayosema. Wengi wenye uchovu sugu hukutwa tezi zao zinafanya kazi. Kipimo kile hakikuwa cha kusema ninaumwa au siumwi, kilikuwa cha kuondoa ugonjwa mwingine, nao umeondoka. "Ugonjwa unao, Mwalimu. Kipimo chake ndicho hatuna." Niliandika kwenye daftari. Mwandiko wangu siku ile ni mbaya kuliko wa wanafunzi wangu.

Mama alikuwa uwanjani, ameketi kwenye mkeka na ungo wa mchele. Nilikwenda nikakaa karibu naye. Umbali ni hatua kumi na nne, nilikuwa nimeshazihesabu kwa sababu zangu.

"Wamesemaje?" aliuliza.

"Tezi ni nzima, mama. Ile ya kwanza nilikosea mimi. Nilikwenda saa nane badala ya saa mbili. Nimejua siku nyingi, sikukwambia."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Aliutazama mchele kwa muda, akatoa jiwe moja, akalitupa. "Kwa hiyo hazijalala."

"Hazijalala."

"Haya," alisema, akaendelea kuchambua.

Asubuhi iliyofuata nililala macho nikisikiliza jikoni. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria. Nikasikia ndara zake zikija, zikasimama mlangoni. Nikamwamkia. Aliitikia, halafu akasema, "Utakunywa uji?"

Nikasema hapana, asante, sijisikii. Niligeukia ukutani. Nilimkasirikia, nikajikasirikia, nikaikasirikia na saa ya boksi. Nikajiambia kwamba sasa nimerudi nilipokuwa, na safari hii sina karatasi yoyote ya kutumaini.

Hakuondoka mlangoni. "Nakuuliza kwa sababu jana na juzi ulibakiza," alisema. "Nikadhani ndimu imezidi."

Akaja akakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa sababu kwake kitanda ni cha kulalia.

"Unakumbuka mahindi?" aliuliza.

"Nakumbuka."

"Mimi nimeishi na wavivu. Baba yako mdogo alikuwa mvivu, Mungu amrehemu, tulimpenda. Mvivu huchoka kabla ya kazi. Ukimtajia jembe tu, mgongo unamuuma. Wewe siku ile ulifanya kazi ukacheka, ukachoka kesho yake. Nilikuwa napepeta pale nje nawaza, huu si uvivu, ila sikujua ni nini. Mzazi akiwa hajui huogopa. Nikaona bora ninyamaze."

"Ulikuwa unaniuliza uji."

"Ulikuwa huli. Ningekuletea upoe?"

Miaka miwili nilikuwa nimelisoma swali lile vibaya, kama nilivyoisoma fomu. Nilimwambia hivyo. Hakucheka, lakini aliushika mguu wangu juu ya shuka, akaubonyeza kidogo, akaenda jikoni.

Niliamka baadaye. Nilioga nikiwa nimekaa kwenye kigoda, nikapumzika, nikavaa, nikapumzika, nikatembea zile hatua kumi na nne hadi kwenye mkeka. Ilinichukua sehemu kubwa ya asubuhi. Nilipokaa jasho lilikuwa linanitoka, na sikuwa nimefanya jambo lolote ambalo mtu wa Magomeni angelihesabu. Mama aliinua uso kutoka kwenye ungo, akanitazama kuanzia nywele hadi ndara.

"Pole na kazi," alisema.

Nilitaka kumjibu nishapoa, kwa mazoea tu. Ningekuwa namdanganya. Nikasema, "Asante, mama," naye akasogeza ungo kunipisha.